Pikipiki ya safari kwa watu wawili: ipi ununue ukiwa Kisumu au Nakuru

Pikipiki ya safari huchaguliwa na anayeendesha, lakini ubaya wake huujua aliyekaa nyuma. Kwetu mzee wangu ndiye huendesha, mimi hukaa nyuma, na njia zetu ni zile za watu wengi wa huku: Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho, Kakamega kuelekea Kitale, Nandi Hills hadi Eldoret. Kwa hiyo nimezipanga pikipiki tano kwa kuanza na kiti cha nyuma. Kama unasafiri peke yako, mpangilio ungekuwa mwingine kabisa.

Jambo la kwanza ni kwenda kununua mkiwa wawili. Vaeni helmeti na jaketi, mpakie kama mtakavyopakia safarini, mkae hapo bila haraka. Wewe wa nyuma angalia magoti. Vikanyagio vikiwa juu sana, magoti yanakunjwa hadi karibu na kiuno, na mkitoka Kisumu, kabla hamjafika Awasi nyonga zinauma. Gusa pale bomba la moshi linapopita, uone kama mguu utaungua. Tafuta vyuma vya kushikilia: vinafaa viwe kando ya mapaja, mahali mkono unapofika bila kunyooshwa nyuma. Kisha mwendeshaji azunguke uwanjani na afunge breki kidogo. Helmeti yako ikigonga yake kila mara, kiti kina mteremko wa kukusukuma mbele, na hilo halirekebishiki kwa mto.

Pigeni pia hesabu ya kilo. Mwendeshaji wa kilo 85, abiria wa kilo 70, mavazi, masanduku na mizigo kilo 30: tayari ni kilo 185. Kila pikipiki ina uzito wa juu inaoruhusiwa kubeba, na umeandikwa kwenye kitabu chake. Wauzaji wachache hukutajia, kwa hiyo uliza.

Halafu kuna milima yetu. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Timboroa ni zaidi ya mita 2,700. Kadiri unavyopanda hewa inapungua, na injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Ukifika Timboroa, karibu robo ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi imeshakwenda. Pikipiki ya kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, huumia zaidi kwa sababu petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, inaanza kutoa moshi mweusi na kukata pumzi. Pikipiki inayowapeleka vizuri wawili pale Kondele, mjini Kisumu, inaweza kushindwa kulipita lori mlimani Mau Summit, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mnakwama katikati ya kulipita.

Nafasi ya kwanza naipa Suzuki V-Strom 650, bila kusita. Injini ni V ya silinda mbili, cc 645, nguvu za farasi takriban 70. Hata robo ikipotea mlimani, iliyobaki inawatosha watu wawili na mizigo. Tangi lina lita 20, kwa hiyo Kisumu hadi Nakuru unafika bila kufikiria petroli. Ila kinachonifanya niipende ni kiti: cha nyuma ni kipana, karibu kiwe sawa na cha mbele, na vyuma vya kushikilia viko mahali pake. Ina kitasa cha kuzungusha kwa mkono ili kukaza springi ya nyuma. Nikipanda, mzee anazungusha; nikishuka, anarudisha. Hakuna spana wala fundi. Kimo cha kiti ni milimita 835, kwa hiyo mwendeshaji mfupi ajaribu kwanza, kwa sababu akifika kwenye mawe ya barabara ya mashambani na mimi niko nyuma, miguu yake ndiyo inayotushikilia sote. Sura yake si ya kuvutia. Nyingi utakazozipata zimetumika, na injini hii ikitunzwa inadumu.

Ya pili ni Honda CB500X, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa NX500. Cc 471, farasi 47, uzito chini ya kilo 200. Ni nyepesi kwa mwendeshaji, haisumbui mjini, inakunywa mafuta kidogo, na ndiyo ningemshauri mtu anayetoka kwenye pikipiki ndogo kwa mara ya kwanza. Ukipata iliyotumika, tafuta ya mwaka 2019 au baadaye: tairi la mbele ni la inchi 19, wakati za zamani zilikuwa na inchi 17, na tofauti hiyo unaisikia kila mnapovuka matuta. Kiti cha nyuma ni kizuri kwa saa mbili. Baada ya hapo unataka kushuka unyooshe mgongo. Kama nyinyi wawili ni watu wepesi, huenda ikafaa kuliko ile ya kwanza. Mkiwa wazito, rudini kwa Suzuki.

Nafasi ya tatu ni Royal Enfield Himalayan, na hapa lazima utofautishe mbili. Ile ya cc 411 ina farasi 24 hivi. Kiti kiko chini, milimita 800, abiria anakaa vizuri, na haina mambo mengi ya kompyuta ya kumchanganya fundi. Lakini toa ile robo ya Timboroa ubaki na farasi 18 za kubeba watu wawili na mizigo, na utaelewa kwa nini mnapanda nyuma ya malori. Mkiwa watu wa Bondo, Usenge, Homa Bay na kuvuka daraja la Mbita kwenda Rusinga, bila haraka, ni pikipiki tamu sana. Mpya yake, ya cc 452, ina farasi 40 na inaruhusiwa kubeba karibu kilo 200. Hiyo inapanda Kericho bila kulia. Ile ya 411 ina rimu za spoku na tairi za tyubu, jambo ambalo wengi huliona kama kasoro. Kwa huku mimi naliona faida, kwa sababu tyubu inazibwa na fundi wa baiskeli kwenye soko lolote.

BMW R 1200 GS na R 1250 GS naziweka ya nne, na najua wapo watakaokasirika. Kwa starehe ya abiria hakuna inayozifikia kati ya hizi: kiti kipana, vikanyagio viko chini, uzito wa kubeba unazidi kilo 200, na hazina mnyororo wa kulainisha kwa oili kila mara. Lakini 1250 yenyewe ni kilo 249 kabla hamjapanda. Ikilala kwenye matope ya Nandi Hills mkiwa wawili tu, mtasubiri vijana wa kuisaidia kuinuka. Bei inakaribia ya gari dogo, na ikizima kwa sababu ya kifaa cha umeme, fundi wa Kisumu huenda hana mashine ya kuisoma. Nunua ikiwa una pesa ya kuitunza, siyo ya kuinunua tu.

Ya tano ni Boxer 150. Ndiyo, Boxer. Watu wengi wanaotaka kusafiri wawili huku hawatanunua hizo nyingine, na si haki kuwaandikia kana kwamba hawapo. Kiti ni kirefu na tambarare, spea ziko kila soko kuanzia Luanda ya Vihiga hadi Webuye, na kila kijana wa stendi anaijua injini yake. Ila farasi ni 12. Mwende kwa kilomita 60 kwa saa, mkae kushoto, msiguse barabara kuu ya Nakuru–Eldoret yenye malori usiku na mchana, na safari iwe ya Kakamega au Siaya, si ya Kitale kwa siku moja. Ibadilishieni shokamzoba za nyuma ikiwa ilikuwa ya bodaboda. Huwa zimekwisha hata kama zinang'aa.

Yamaha Ténéré 700 sijaiweka. Ni pikipiki nzuri mno kwa mtu mmoja, lakini kiti kimeinuka milimita 875 na cha nyuma ni chembamba.

Neno kwa akina mama wenzangu: tumezoea kukaa upande kwenye boda, lakini kwa safari usikae hivyo. Uzito wote unakuwa upande mmoja, na kwenye kona za Nyang'ori mwendeshaji anapigana na pikipiki. Vaa suruali, funga leso juu yake ukipenda, ukae ukiwa umetanua miguu. Sheria ya Kenya inataka helmeti na jaketi ya kumulika kwa wote wawili, na abiria mmoja tu. Kericho hunyesha mara nyingi mchana, kwa hiyo koti la mvua likae juu kwenye boksi, si chini ya nguo.

Ikiwa pikipiki inauzwa kwa bei ya kushangaza pale Busia au Malaba, uliza ushuru umelipwa wapi. Linganisha namba ya fremu na iliyo kwenye logibuku kabla ya kutoa hata mia, na umiliki uhamishwe kupitia eCitizen mkiwa pamoja na muuzaji.

Mkishalipa, msiondoke na springi kama ilivyokaa. Nyingi huwa zimewekwa kwa mtu mmoja. Ikaziwe kwa uzito wa wawili, na tairi la nyuma liongezwe upepo kufuata kibandiko kilicho karibu na mnyororo au kitabu cha pikipiki. Springi ikiwa laini, nyuma inadidimia, mbele inakuwa nyepesi kwenye kona, na taa inamulika macho ya dereva wa lori anayekuja.