Gitaa la mtumba nililolifuata Malindi

Kwa miaka minne nilikuwa nikipiga gitaa la plaiwudi mwili mzima, na kwa kuwa ndilo nililojifunzia, sikulilaumu mpaka nilipoanza kukaa barazani na rafiki yangu mpiga udi, ambaye kila jioni alikuwa akiniomba nikaze mkono kidogo, kwani hanisikii. Gitaa jipya lenye sauti niliyoitaka lilikuwa juu ya uwezo wangu, ndipo nikaamua kutafuta lililokwisha kutumika.

Nililipata Malindi. Ni Yamaha FG800, toleo lililoanza kuuzwa mwaka 2016, ambalo uso wake ni ubao mmoja wa sprusi (mti wa jamii ya msonobari), ilhali mgongo na mbavu ni za mbao za kubandikwa. Uso ndio unaotikisika na kuitoa sauti, kwa hiyo ubao mzima mahali hapo una thamani kuliko mapambo yote ya pembeni.

Nilivuka kwa boti alfajiri kutoka Lamu hadi Mokowe, nikapanda basi. Muuzaji, kijana mpole, alinipokea kwa maneno haya: "Kaka, hili halina shida hata moja." Nilichungulia kwanza ukingo wa tundu la sauti, nikaona mistari ya mbao ikishuka moja kwa moja hadi upande wa ndani bila tabaka, dalili kwamba uso haukuwa plaiwudi. Kisha nikaitazama shingo kwa urefu wake, kama fundi seremala anavyoukagua ubao, nikaona imepinda mbele kidogo. Rula ikanionyesha kwamba uzi mnene ulikuwa umeinuka milimita 4 juu ya chuma cha 12 kati ya vile vyembamba vinavyokatiza shingo, ilhali ningependa uwe kwenye 2.5 hivi. Hilo halikunitisha, maana ndani ya shingo mna ufito wa chuma unaokazwa kwa ufunguo wa pembe sita ili kuinyoosha.

Kilichonishtua ni daraja, kile kipande cha mbao kilichogundishwa usoni kushikilia nyuzi. Nilichukua kipande cha karatasi ya risiti nikakisukuma nyuma yake, nacho kikazama kama milimita 3, yaani gundi ilikuwa imeanza kuachia. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa uzito wa zaidi ya kilo 70, kwa hiyo ufa wa aina hiyo haubaki ulivyo. Kijana alinyamaza, akashusha bei kutoka shilingi 20,000 hadi 16,500. Laiti angeniambia mapema, ningemwamini zaidi hata katika mengine.

Huku Lamu, fundi wa milango ya nakshi alilegeza nyuzi zote, akapenyeza gundi ya mbao kwa kisu chembamba, akabana kwa kutwa kucha. Miezi saba imepita na karatasi haipenyi tena. Unyevu wa pwani, hata hivyo, ni adui wa kudumu: gitaa hupendelea unyevu wa asilimia 45 hadi 55, nasi mara nyingi tuko juu ya hapo, kwa hiyo nalihifadhi kwenye kasha lenye vipakiti vya kukausha unyevu, na nyuzi nazifuta kila nimalizapo, la sivyo chumvi huzila upesi.

Rafiki yangu wa udi haniombi tena nikaze mkono. Malalamiko yake sasa ni kifunguo cha uzi wa tatu, kilicholegea tangu Malindi nami sikukiona: kila baada ya nyimbo mbili hutulia na kuningoja nikikaze upya.