Kadi ya usafiri kwa mgeni: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Ukishuka uwanja wa ndege umechoka, kadi ya kulipia mabasi na treni utakayoletewa mbele ya macho ni ile yenye picha nzuri na maandishi kwamba ni ya watalii. Usiikimbilie. Kadi hizi nazipanga kwa swali moja tu: ukimaliza safari, pesa yako kiasi gani itabaki hukohuko? Nauli mara nyingi hazitofautiani sana. Kinachokula pesa ni ada ya kununua kadi, amana isiyorudi na salio ulilolisahau.

Ya kwanza kwangu ni kadi ya kawaida, ile wanayotumia wenyeji. Hong Kong ni Octopus, iliyoanza mwaka 1997, na Tokyo ni Suica, ya mwaka 2001. Zote unawekea amana, dola 50 za Hong Kong kwa Octopus na yeni 500 kwa Suica, na ukirudisha kadi unarudishiwa amana yako, ingawa Octopus ikirudishwa mapema hukatwa ada ndogo. Hong Kong wana kadi ya watalii pia, ya dola 39. Inaonekana rahisi, lakini ndani haina salio, na hizo 39 hazirudi. Kwa hiyo ile ya kawaida, yenye bei kubwa dirishani, ndiyo nafuu, ilimradi usiondoke nayo mfukoni. Hapo ndipo wengi huteleza: Suica hurudishwa kwenye vituo vya JR East, kampuni iliyoitoa. Ukiinunua Tokyo halafu ukapandia ndege Osaka, amana yako imekwenda.

Ya pili ni kadi yako ya benki ya kugusisha, na London naipandisha iwe ya kwanza. Mabasi ya huko yalianza kuipokea mwaka 2012, treni za chini ya ardhi mwaka 2014, na mtu mzima hukatwa nauli ileile ya Oyster, kadi ya usafiri ya London. Ukishafika kikomo cha siku, yaani kiasi cha juu cha nauli unachokatwa kwa siku moja, safari zinazofuata hazikukati tena. Oyster yenyewe ina ada ya kununua ambayo hairudishwi. Ila uliza benki yako kabla ya kuondoka inakata kiasi gani kwa malipo ya nje. Wengine hukatwa kila muamala. Tena usichanganye: ukiingia kwa kadi ya plastiki, toka kwa kadi hiyohiyo, wala usigusishe simu hata kama akaunti ni moja. Mashine huziona kama abiria wawili, na kikomo cha siku hukipati.

Mwenye watoto London asome hapa vizuri. Mtoto wa miaka 11 hadi 15 anaweza kuwekewa punguzo la wageni kwenye Oyster, akalipa nusu nauli kwa hadi siku 14. Mwombe mfanyakazi wa kituo akuwekee. Kwenye kadi ya benki punguzo hilo halipo, kwa hiyo mzazi agusishe ya benki, mtoto anunuliwe Oyster.

Ya tatu ni kadi ndani ya simu. Suica huingia kwenye iPhone bila shida, lakini simu nyingi za Android zilizonunuliwa nje ya Japani haziipokei.

Ya nne, ndiyo sasa ile ya watalii. Welcome Suica haina amana, hudumu siku 28, na salio likibaki hulipati. Inamfaa mtu wa wiki moja asiye na muda wa kupanga foleni ya kurudisha kadi, basi. Tiketi ya siku nzima naiweka mwisho kabisa: penye kikomo cha nauli kazi yake imeshafanywa, na kwingine inabidi uzunguke sana ili pesa yako irudi.

Yoyote utakayochukua, ongeza salio kidogokidogo. Japani tembea na noti, maana mashine nyingi za vituoni huongeza salio kwa pesa taslimu. Siku ya mwisho, Suica na Octopus hulipia maji na vitafunio madukani. Mwambie muuzaji akate kilichobaki kwenye kadi, kinachopungua umalizie kwa sarafu.