Minara Miwili na Jumuiya Zake: Tathmini ya Huduma za Parokia kwa Mkatoliki Aishiye Unguja

Mkatoliki anayehamia Unguja kikazi, ambaye aghalabu ametoka Bara, hulijua Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu kabla hajaijua vizuri shehia anayoishi, kwa kuwa minara yake miwili huonekana tangu boti ikiwa bado baharini, na kila mkaazi wa mjini, awe Mwislamu au Mkristo, atamwelekeza akiuliza tu ilipo Minara Miwili. Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya mtu huyo, na pia kwa ajili ya waumini wenzangu ambao wamekaa hapa miaka mingi na bado huja Dominika, hupokea Komunyo, kisha huondoka kabla tangazo la mwisho halijasomwa. Misa ya Dominika kanisani hapa huadhimishwa kwa heshima inayostahili, na sina la kuipunguzia. Lakini huduma kubwa kuliko zote ambazo parokia inampa muumini wake haipatikani ndani ya kuta hizi. Inapatikana katikati ya wiki, nyumbani kwa mtu, katika jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya Wakatoliki wanaoishi karibu ambao husali pamoja majumbani kwa zamu.

Jengo lenyewe lilianza kujengwa mwaka 1893 na wamisionari wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao walifika kisiwani mwaka 1863 kuipokea misheni iliyoanzishwa na Padre Armand Fava na wenzake waliotoka kisiwa cha Réunion mwishoni mwa 1860. Kutoka Unguja ndipo walipovuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868, na kwa sababu hiyo Mkatoliki wa Bara anayesali hapa amesimama mahali ambapo imani ya babu zake ilipitia. Inafaa afike mapema akae kimya kabla ya Misa, azitazame picha za Agano la Kale zilizochorwa ukutani, kwani zilichorwa zifundishe.

Kuhusu Misa, nina ushauri mmoja ambao nimeuona ukiwafaa wengi: yasome masomo ya Dominika nyumbani tangu Jumamosi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya liturujia, ulitaka waumini washiriki kikamilifu, wakijua wanachokifanya, na mtu anayeisikia Injili kwa mara ya kwanza asubuhi ile, baada ya usiku wa kazi, hawezi kuyafuata mahubiri kama yule aliyekwisha kuitafakari. Wafanyakazi wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje husema kwamba shifti zao haziwaruhusu kufika kabisa. Hilo ni tatizo la kweli, wala si haki kuwahukumu kuwa wavivu wa imani. Ila wafahamu kwamba Kanisa limelifikiria. Kanuni ya 1248 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema kuwa anayeshiriki Misa jioni ya siku iliyotangulia ametimiza wajibu wake wa Dominika, na kanuni ya 1245 inampa paroko, yaani padre msimamizi wa parokia, uwezo wa kumwondolea muumini wajibu huo, au kuubadilisha kwa tendo jingine la ibada, ikiwa ipo sababu ya haki. Kinachotakiwa ni kwenda kuzungumza naye. Anayekaa kimya miezi na miezi kwa kuona haya huishia kuamini kwamba Kanisa limemsahau, ilhali paroko hata hajui kwamba yupo.

Sakramenti ya Kitubio nayo haitumiwi inavyostahili. Foleni huwa ndefu katika juma la mwisho la Kwaresima, wakati majuma mengine ya mwaka padre angepata nafasi ya kumsikiliza kila mtu kwa utulivu na kumshauri.

Sasa nije kwenye jumuiya. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi wakakubaliana kwamba ujenzi wa jumuiya ndogo za Kikristo uwe kipaumbele cha kichungaji katika nchi zao, na Tanzania imelishika jambo hilo kwa moyo hadi leo. Kwa muumini wa Bara, jumuiya ni jambo la kawaida kiasi cha kutoonekana: nyumba za Wakatoliki zimepakana, na mtu huzaliwa akaikuta. Hapa Zanzibar, ambako Waislamu ndio takriban watu wote, Mkatoliki mmoja anaweza kuishi katika mtaa ambao familia nyingine ya Kikatoliki iko mwendo wa daladala. Kwa hiyo jumuiya ya hapa ina uzito ambao ya Moshi au Songea haihitaji kuwa nao. Hapo ndipo mtoto anapogundua kwamba si nyumbani kwao peke yake panaposaliwa Rozari, na ndipo kijana aliyekuja kutafuta kazi anapopata watu wa kumwita mama na baba, watakaomuuliza amekula nini na mara ya mwisho amepiga simu kwao lini.

Jumuiya inayoendeshwa vizuri hufuata hatua saba za kushirikishana Injili: kumkaribisha Bwana kwa sala, kusoma, kuchagua maneno machache na kuyarudia kwa sauti, kunyamaza, kuelezana kilichomgusa kila mmoja, kuamua kazi ya kufanya wiki hiyo, kisha kufunga kwa sala. Nimesali katika jumuiya ambazo dada wa jikoni na afisa wa serikali walisikilizana kwa usawa kabisa katika hatua ya tano, na sijui mahali pengine mjini ambapo hilo hutokea kwa urahisi namna hiyo. Hatua ya sita ndiyo inayozaa matunda, maana wanajumuiya hukubaliana ni nani atakayemtembelea mgonjwa, na nani atamsaidia mjane ada ya skuli. Ukitokea msiba wa mtu wa Bara, jumuiya ndiyo hukesha na wafiwa, huongoza sala na kushughulikia safari ya kuuvusha mwili kwa boti, mara nyingi kabla ndugu wa marehemu hawajapata hata nauli.

Kasoro zipo, tena zinawafukuza watu. Katika jumuiya moja niliyowahi kuhudhuria, Neno lilisomwa upesi upesi ili kupisha orodha ya michango, na majina ya wasiolipa yakasomwa mbele ya wote. Zaka na michango ni wajibu, nami nauheshimu, lakini aliyepungukiwa hupaswa kuulizwa faraghani hali yake ikoje. Kasoro ya pili ni ya wanaume wenyewe: wengi huwaachia wake zao jumuiya yote, kisha huonekana pale tu wanapohitaji barua ya ubatizo wa mtoto au ya ndoa. Mwenyekiti wa jumuiya anayesita kuiandika barua hiyo hawakomoi. Anaombwa athibitishe maisha ya mtu ambaye hamjui.

Vyama vya kitume, kama vile WAWATA ya akina mama iliyoanzishwa mwaka 1972, VIWAWA ya vijana na Utoto Mtakatifu wa watoto, ni vyema kuvifuata baada ya kuzoea jumuiya, kwa sababu mwenye kuanzia kwenye chama mara nyingi hubaki kwenye sare na mikutano.

Ni muhimu pia kuzingatia ujirani. Jumuiya zilizokomaa hapa hupanga saa zake ili zisigongane na sala za majirani, na katika mwezi wa Ramadhani hupunguza sauti za nyimbo wala hazitoi vyakula barazani mchana. Jirani anayeheshimiwa hivyo ndiye huja kwanza kutoa pole tunapofiwa.

Anayetaka kuanza aende ofisi ya parokia siku ya kazi, achukue cheti chake cha ubatizo na, kama anayo, barua kutoka parokia aliyotoka, ataje shehia anayoishi, aulize jumuiya iliyo karibu naye husali siku gani na kwa nani. Aombe pia namba ya katibu, kwa kuwa nyumba ya kusalia hubadilika kila wiki. Asiye na barua asirudi nyuma kwa sababu hiyo. Aende ajitambulishe kwa mwenyekiti, na barua itafuata.