Kliniki ya IVF Dar: maabara nyota tano, kaunta ya vidonge nyota moja

Jina la kliniki hii ya IVF, yaani ya kutungisha mimba maabara, silitaji. Kiinitete changu kimoja, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, bado kimo kwenye mtungi wao wa naitrojeni, na usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Nina miaka 38. Wiki mbili kabla ya kutolewa mayai, dada wa kaunta ya dawa alinisogezea mfuko wenye vidonge vya aina sita, 420,000 kwa mwezi. "Hivi vinaingia moja kwa moja kwenye maji ya yai, dada'angu. Maji yakiwa na lishe, kiinitete kinatoka daraja la kwanza." Nikalipa. Ukishafika pale hata ukiambiwa ule udongo wa kichuguu utauliza vijiko vingapi.

Siku ya kutolewa mambo yalikwenda vizuri: saa 36 baada ya sindano ya mwisho, usingizi mwepesi, nesi kanishika mkono. Kesho yake kijana wa maabara akanipigia kutoa hesabu: mayai 8, yaliyokomaa 6, yaliyorutubika 5. Nikamuuliza, na yale maji mliyapima? Akanyamaza kidogo. "Hapana mama. Tukishalipata yai, maji tunamwaga."

Yaani nimelipia kurekebisha kitu ambacho hakuna aliyekipima, si kabla wala baada!

Nilipokwenda kupandikizwa kiinitete, kijana yuleyule wa maabara alikaa nami karibu nusu saa, bila haraka. Maji ya folikuli, kile kifuko yai linamokulia, alisema, yana rangi ya manjano kama chai ya rangi isiyokolea, mengine yana damudamu. Sehemu yake huchujwa kutoka kwenye damu, nyingine hutolewa na seli zinazolizunguka yai. Ndiyo maana vitamini D, foleti (vitamini ya kundi B) na homosisteini (asidi ya amino iliyomo kwenye damu) hupimika humo, na watafiti wamevilinganisha na ubora wa viinitete. Kwenye vitamini D majibu yanagongana. Koenzaimu Q10, kitu kinachosaidia seli kutengeneza nishati, imewahi kukutwa nyingi zaidi kwenye maji ya mayai yaliyokomaa, ila kukutwa pamoja si ushahidi kwamba kidonge ndicho kilicholikomaza yai. Tena folikuli inakua kwa miezi, mimi nilimeza kwa siku kumi na nne. Asidi ya foliki, maikrogramu 400, akaniambia niendelee nayo, lakini hiyo ni kwa ajili ya ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, na duka lolote la dawa inauzwa bei ya kawaida.

Akanisomea na karatasi yangu. Siku ya tano vilifika viinitete viwili, vikapewa daraja: 4AB na 3BB. Namba ni jinsi kilivyotanuka, herufi ya kwanza ni seli zitakazokuwa mtoto, ya pili ni zile za kondo. Miezi yote ile hakuna aliyewahi kunifafanulia hivyo.

Ile 4AB haikushika. Maabara siwalaumu, na mwezi wa kumi narudi kwao kwa iliyobaki. Mfuko wa vidonge nilijaribu kuurudisha ukiwa na nusu, wakagoma.

Ukienda, omba kuonana na mtu wa maabara kabla hujapita kaunta. Mimi hawakunitoza kitu. Na uingilie mlango wa nyuma, wa mbele foleni ya bajaji haiishi.