Ramani ya nyumba inayolitumia jua: tathmini ya huduma niliyoipata Mwanza

Kwa miaka mingi nilipanga chumba cha mabati yasiyo na dari pale Mabatini, ambako kufikia saa nane mchana hata godoro lilikuwa la moto. Nilipopata kiwanja Nyegezi, nilimwendea mchora ramani wa hapa jijini nikamwomba nyumba isiyohitaji feni.

Jambo la kwanza alilofanya halikunigharimu hata shilingi: aliigeuza nyumba. Mimi nilitaka uso wake uelekee ziwani, magharibi, nijionee jua likizama. Yeye akazielekeza kuta ndefu na madirisha yote makubwa kaskazini na kusini. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua huwa karibu na utosi mwaka mzima, likiegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, na hata hiyo Juni upenu wa mita 1 hutia kivuli mita 2 za ukuta. Jua la kuogopwa ni la alasiri, linalopenya chini ya upenu hadi kitandani, na ndiyo maana magharibi aliweka stoo, bafu na ukuta mnene wa mawe wa chumba cha mama.

Madirisha yanatazamana, hivyo upepo wa ziwani hupita sebuleni moja kwa moja. Mabati ni meupe, na juu ya dari kuna matundu upenuni na mengine kileleni mwa paa, ambako hewa ya moto hupanda na kutoka. Nimeigusa dari hiyo saa tisa alasiri: ilikuwa vuguvugu tu.

Kasoro iko kwenye ule ukuta wa mawe. Hunywa joto mchana kutwa na kulitoa usiku, na mwezi Julai, kunapokuwa na baridi, mama halalamikii kitu. Septemba, hata hivyo, alihamia sebuleni kwa wiki mbili, nami nikalazimika kuutundikia ukuta mkeka wa matete upande wa nje, ambao huuondoa Juni. Kivuli hicho kilipaswa kuwemo kwenye ramani tangu mwanzo.

Ningemwajiri tena bila kusita, ila ningemtaka aje kiwanjani saa kumi alasiri kabla ya kushika penseli, kwa sababu kwangu alikuja mara moja tu, asubuhi.