Mashine nzima, binti hodari, karatasi mbovu

Nyota tatu kati ya tano. Ningetoa nne, ila moja imeliwa na karatasi.

Wiki iliyopita nilimpeleka dada yangu mkubwa, ana miaka 71, kupiga siti skani ya tumbo kwenye kituo kimoja cha binafsi hapa Tanga. Jina silitaji, maana karatasi ya aina ile nimeiona na kwingine. Mimi nimepiga eksirei hospitali za serikali miaka 31, tangu enzi za kuosha filamu gizani mpaka vidole vinanuka dawa, kwa hiyo nikiingia sehemu kama hizi macho hayatulii.

Tulitoka Pangani alfajiri, dada hajala kitu kama alivyoagizwa, na majibu ya figo mkononi kwa sababu angechomwa dawa ya kung'arisha picha. Mapokezi wachangamfu, choo kisafi, mabenchi magumu kama ya mahakama. Ukutani kuna leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndani ya fremu. Watu huipita kama kalenda ya mwaka jana. Mimi nilivaa miwani nikasoma tarehe: bado hai. Hapo nikatulia.

Kisha tukapewa fomu ya ridhaa. Sentensi ya pili inasema hivi, nimeinakili: "Kipimo hiki hutumia kipimo kidogo cha mionzi kisichozidi kipimo kinachoruhusiwa kisheria."

Vipimo vitatu kwenye mstari mmoja! Cha kwanza ni uchunguzi wenyewe, cha pili ni dozi, yaani kiasi cha mionzi, cha tatu ni ukomo. Msomaji atajuaje kipi ni kipi? Na ukiupangua mstari huo ukauelewa, unakuta si kweli. Ukomo wa kisheria ni wa sisi tunaofanya kazi na mionzi: milisiverti 20 (ndiyo namna ya kuhesabu dozi inayoingia mwilini) kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5, na mwaka wowote ule usipite 50. Mwananchi anayepita nje ya ukuta wa chumba, ukomo wake ni 1. Mgonjwa hana ukomo, kwa sababu mionzi anayopigwa ni kwa faida yake mwenyewe. Kinachomlinda ni daktari kuwa na sababu ya kuiagiza, na mpigaji kutumia kiasi kinachotosha picha kuonekana, basi. Skani moja ya tumbo hufika milisiverti 8 au 10. Siku ambayo mtu atasoma fomu ile kisha akasoma kanuni, atadhani wamemvunjia sheria mara nane kabla ya chakula cha mchana.

Lakini si hilo lililoniudhi zaidi. Nilipoinua macho nilimkuta dada anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mdogo wangu, kwa nini hukuniambia? Kumbe nina kansa." Ameona neno mionzi. Kwake yeye mionzi ni Ocean Road, hospitali ya saratani, ni jirani yetu aliyepelekwa Dar es Salaam akarudi amekonda. Watu wetu wengi ndivyo walivyo: ukipiga picha ni eksirei, ukisikia mionzi ni saratani. Mwandishi wa fomu angeongeza maneno matano tu, "mionzi ya kupigia picha tu", yule mama asingelia benchini mbele za watu.

Mlangoni kuna kibandiko kingine: "Wasindikizaji wavae risasi." Dada, machozi hayajakauka, akauliza kama tunakwenda vitani. Nikamweleza kuwa ni vazi zito lenye madini ya risasi ndani, huzuia mionzi isimfikie anayemshika mgonjwa. Akafikiri kidogo. "Aa, risasi ya chubwi." Marehemu baba alikuwa mvuvi wa mshipi, na chubwi ndicho kile kizito cha kuuzamisha. Neno lilikuwa nalo nyumbani siku zote.

Sasa nimsifu binti aliyepiga picha, maana nyota zote tatu ni zake. Aliamkia, akamwita dada kwa jina lake kamili na kulilinganisha na cheti. Akauliza, "Bibi, una picha za nyuma?" Dada akatoa kikapuni bahasha ya skani ya miezi minne nyuma, mimi mwenyewe sikujua kama anayo. Binti hakuendelea. Alimpigia simu daktari kwanza, akauliza kama ameiona na kama bado anahitaji nyingine. Daktari akajibu ile haikuwa na dawa, anahitaji. Basi binti akasema atapiga awamu moja, yaani mzunguko mmoja wa picha, si tatu, na tumbo tu, kifua hakigusi. Kuwa na sababu, na kutumia kiasi kinachotosha: kwenye semina tulikuwa tunaita uhalalishaji na uboreshaji wa kinga, tunakariri tunasahau. Binti hakutaja hata neno moja kati ya hayo.

Na kuhusu Ocean Road alimwambia hivi: "Ile ni ya kutibu, bibi, ni kali mara maelfu. Hii ni ya kuangalia tu, na mashine ikizimwa hakuna kinachobaki mwilini." Dada akalala kitandani mwenyewe.

Beji yake ya kupimia mionzi ilikuwa kifuani, siyo kwenye droo kama tulivyokuwa tukiziweka sisi, Mungu atusamehe. Nilimuuliza kama inakwenda kusomwa Arusha, kwenye maabara ya ile Tume. Akanitajia usomaji wake wa mwisho kwa kichwa.

Tulilipa shilingi 250,000, majibu kesho yake jioni kwa simu. Ripoti haikuandikwa dozi. Nilipoiomba mapokezi, nikajibiwa, "Mzee, dozi utapewa na daktari, sisi hatutoi dawa." Haya. Ikabidi binti aitwe, akaisoma kwenye mashine: 510, namba inayojumlisha mionzi yote ya skani ile. Nikazidisha kwa 0.015, kigezo cha tumbo cha kuigeuza namba hiyo kuwa milisiverti, pale pale nyuma ya risiti, nikapata kama milisiverti 7.7, sawa na miaka mitatu na kidogo ya mionzi ya asili ambayo binadamu huipata kwa kuishi tu. Kiasi kizuri kwa mtu mwenye mwili kama wa dada.

Kabla ya kuondoka niliomba kalamu, nikaifuta ile sentensi na kuandika juu yake: "Uchunguzi huu hutumia mionzi ya kupigia picha. Daktari wako ameona faida yake ni kubwa kuliko madhara yanayoweza kutokea, na tutatumia dozi ndogo inayotosha. Ukitaka kujua dozi uliyopata, tuulize." Dada wa mapokezi alishukuru, akaiweka chini ya stepla. Tunarudi Machi.