Ubuntu kwenye steshenari yangu Moshi: nyota 5

Kompyuta za steshenari yangu karibu na stendi ya Moshi zinatumia Ubuntu 24.04, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Ni bure, inapata marekebisho ya usalama kwa miaka 5, na virusi vya Windows vinavyokuja na flashi za wateja haviisumbui. Microsoft Office haina toleo la Ubuntu, kwa hiyo nachapa kwa LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia.

Ninachokipenda hasa ni jina. Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alipoitoa mwaka 2004 alichukua neno la Kizulu na Kixhosa, na huku kwetu linatamkika lilivyoandikwa. Juzi mama mmoja wa kikoba, muhtasari wake ukiwa kwenye printa, alilisoma kwenye skrini na kuniambia, “Mwanangu, hii Ubuntu mwambie na kijana wangu aiweke.” Angeweza kufika nyumbani na kulitaja. LibreOffice, Kifaransa kilichoungwa na Kiingereza, kila mteja ana matamshi yake!

Wadogo zangu wa Arusha mnaotengeneza programu za saccos, chukueni neno la lugha yoyote mnayoipenda, ila kwanza mpeni mhudumu wa kaunta alisome kwa sauti.